Daftari la Getini

Zamani fundi akienda kuomba kazi hakubeba bahasha. Alibeba mikono yake miwili na jina la mtu mmoja. Mwenye karakana hakumwuliza amesoma wapi wala amemaliza mwaka gani. Alimwuliza, "Mkono wa nani?" Naye alijibu, mkono wa fulani, na fulani huyo ndiye aliyemfundisha. Kisha alipewa vipande viwili vya ngozi avishone. Kama alisema kweli, uzi ulimtetea. Kama alisema uongo, uzi ulimsuta palepale mbele ya watu, kwa maana kila fundi mkubwa alikuwa na namna yake ya kumalizia mshono, na wanafunzi wake waliirithi kama watoto wanavyorithi pua.

Nayasema haya kwanza ili msomaji ajue kosa letu lilikuwa kubwa kiasi gani. Siku hizi nikilisimulia watu huliona dogo. Wengine hawalioni kabisa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi viatu. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka kumi na mitano, shule ameishia darasa la saba, na mama yake hakuwa na la kumfanyia. Nikampeleka kwa rafiki yangu. Huyo rafiki yangu tulikuwa tukikaa kibaraza kimoja, mimi na taipureta yangu nikiwaandikia watu barua, yeye na kigoda chake akiwashonea viatu. Watu walimwita Nta, kwa sababu bonge la nta ya nyuki halikumtoka shingoni, amelitungia kamba kama hirizi, na kila uzi aliupitisha humo kabla ya kuutia sindanoni. Mimi aliniita Karani. Lilikuwa jina la utani, maana hakuna ofisi iliyowahi kuniajiri. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na sabuni, na haikupita siku bila kumkumbusha mtu jambo hilo.

"Msichana?" Nta aliniuliza siku ile.

"Ndiyo. Una neno?"

"Kiatu kina neno? Kiatu hakiulizi aliyekishona amevaa gauni au suruali. Mwanangu, vua ndala."

Akaweka karatasi chini, akamwambia aikanyage, akauzungushia penseli mguu wake. Kila aliyefika kwake, mteja au mwanafunzi, alianza hivyo. Nta hajui kusoma, hata jina lake hajui kuliandika. Karatasi zile ndizo zilikuwa maandishi yake. Ungemtolea moja baada ya miaka kumi angekutajia mwenye mguu, na kama alikuwa akitembea ameegemea kushoto angekwambia pia.

Miezi sita mpwa wangu alipaka uzi nta, basi. Mwaka mzima hakushika kisu. Alikuwa akija kwangu mezani kulia, nami namwambia mvumilivu hula mbivu, naye ananijibu, "Mjomba, hizi mbivu zenyewe zitanikuta sina meno." Mwaka wa saba Nta alimkabidhi kisu chake mwenyewe, chenye mpini uliolika kwa dole gumba. Mshono wa mtoto ukawa mshono wa Nta: ukifika mwisho, sindano inarudi nyuma matundu matatu, kisha mkia wa uzi unazamishwa upande wa ndani, hauonekani na mtu ila anayejua pa kutazama.

Leo mpwa wangu ana karakana yake, yenye geti la bluu, mashine nne na watu tisa. Vilipokuja viatu vya viwandani, vinavyomwagwa chini na kuuzwa kwa mafungu kama nyanya, na jengo lenye kibaraza chetu likavunjwa, mimi nilirudi nyumbani na taipureta isiyo na kazi, na Nta hakuwa na pa kuweka kigoda. Mpwa wangu alimfuata mwenyewe. "Fundi," alimwambia, "njoo ukae kwangu mlangoni, penye mwanga." Akaja. Alikaa pekupeku, uzi ameuzungusha kidole gumba cha mguu, akimalizia kwa mkono vile viatu ambavyo mashine haiviwezi. Kila soli ilipita kwake kabla ya kutoka. Hakuna aliyemwuliza cheo chake, kwa kuwa kila mtu alikijua. Mimi nilikwenda kila asubuhi kumsomea gazeti na kubishana naye.

Kisha ikaja habari ya hospitali. Hospitali moja kubwa ilitaka viatu vya wauguzi wake wote, vya kusimamia kutwa. Mpwa wangu alishona jozi sita za mfano, akazipanga kwenye kapu, akaitwa kwenye chumba cha mikutano. Alirudi kabla ya adhuhuri na kapu lake.

"Mjomba, hawakukigusa hata kimoja," aliniambia. "Aliyenitangulia alikuwa na picha ukutani, mistari inapanda, duara zina rangi. Mimi nikatoa kiatu. Wakasema, asante mama, tutakupigia. Walikuwa bado wanatazama ukuta."

"Wajinga hao."

"Si wajinga. Mimi ndiye sijui lugha yao. Nataka kusoma."

Chuo kikuu kilikuwa kimetangaza mafunzo ya uongozi kwa wajasiriamali, kwa watu wenye biashara zao na waajiriwa wao. Miezi sita, Ijumaa na Jumamosi, nafasi ishirini na tano tu. Mwishoni, cheti na kukutanishwa na wanunuzi wakubwa, wa aina ya wale wa hospitali. Nilimwona mpwa wangu akilisoma tangazo lile kwenye simu yake kama mtu anayesoma majibu ya vipimo. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na miwili, na katika miaka yote hiyo, akiulizwa elimu yake, alikuwa akikohoa kwanza.

Tulijaza fomu kwenye kiofisi chake chenye dirisha linalotazama ndani ya karakana. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, kwa kuwa vidole vyangu bado vina kasi ya taipureta. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika palipoandikwa: Ufundi wako uliupata wapi? Chagua moja. Chuo kikuu. Chuo cha ufundi. Kozi fupi. Nimejifunza mwenyewe.

"Weka kwa fundi," alisema.

"Hakuna."

"Shuka chini."

"Nimeshuka mpaka mwisho, mama. Chini kuna kitufe cha kutuma."

"Basi paache wazi."

"Haikubali. Ona, inapiga rangi nyekundu."

Nikachagua la mwisho. Mpaka hapo tungeweza kusamehewa, maana fomu ilitubana. Lakini baada ya hapo walitaka maelezo ya maneno mia tano, safari yako ya ujasiriamali, na kwenye maelezo hakuna aliyetubana. Palikuwa na uwanja mtupu wa kusema lolote. Nami nilikuwa sijaandika kitu cha maana kwa miaka mingi. Vidole vilinipeleka. Niliandika kwamba binti huyu yatima hakuwa na mwalimu ila njaa. Niliandika kwamba alifumua viatu vibovu vya majirani, uzi kwa uzi, akavishona upya mpaka akajua siri yake. Niliandika kwamba alianza peke yake, akiwa hana wa kumshika mkono. Nilipomaliza macho yalinilowa, na sikujiuliza kwa nini. Sasa najua. Yalikuwa maisha yangu mimi na yale magazeti ya sukari. Nilimvua mtoto maisha yake nikamvisha yangu, kisha nikasimama nyuma kuona yanavyompendeza.

Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mjomba, huyu ni nani?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kufumua kiatu cha jirani. Jirani angenitandika nacho." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na fundi yuko wapi humu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, kweli, ngoja nimtie. Badala yake nilisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nageuza uso ukutani. Nilimwambia, "Wale ni wasomi. Wanampenda mtu aliyejitoa shimoni kwa kucha zake mwenyewe. Ukiwaambia ulifundishwa kibarazani na mzee asiyejua hata kuandika jina lake, watakuweka fungu moja naye."

Alitazama dirishani. Nta alikuwa amekaa mlangoni, suruali imekakamaa kwa nta na gundi, uzi kwenye kidole gumba, anaukata kwa meno mawili aliyobakiwa nayo. Nilimwona mpwa wangu akimtazama kwa macho ya watu wa kile chumba cha mikutano. Ilikuwa dakika moja tu.

Akabonyeza kutuma.

Wiki tatu baadaye walikuja kumkagua, maana waliopita mchujo wa kwanza hutembelewa. Walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye kishikwambi mkononi, na kijana wa kamera. Mpwa wangu alikuwa amewavalisha watu wake aproni mpya. Nta hakuvaa, alisema inambana shingo.

Yule mama alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Aliuliza habari za ngozi, za mashine, za wateja. Alichukua kiatu rafuni, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wote mpaka mwisho. Zamani mtu yeyote wa kazi hii angeona matundu matatu yaliyorudi nyuma, angetafuta mkia wa uzi kwa ndani, angetutazama na kuuliza, "Mbona huu ni mkono wa Nta?" Yeye alisema, "Kizuri sana," akakirudisha rafuni.

"Ile habari ya kufumua viatu vya majirani," aliendelea, "ilitugusa wote ofisini. Kweli hukuwa na mtu kabisa?"

"Ndiyo hivyo," mpwa wangu alijibu, akiwa ameikazia macho rafu.

Yule mama akatazama kishikwambi chake. "Fomu inasema wafanyakazi tisa. Mimi nahesabu kumi." Akageuka mlangoni. "Na yule babu?"

Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kujificha nyuma yake. Mpwa wangu alifungua mdomo. Kijana wa kamera, akitaka kusaidia, akasema, "Si mlinzi?"

"Ndiyo," mpwa wangu akasema. "Ni mlinzi wetu."

Naye alikuwa amenitazama mimi kabla ya kusema. Kama ningetikisa kichwa tu, yangeishia pale. Mimi nikaongeza, kwa sauti ya mzaha, "Tena mkali huyo! Hata inzi hapiti bila ruhusa yake."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka.

Nta hakuinua uso. Alikuwa mwisho wa mshono. Alirudisha sindano nyuma matundu matatu, akazamisha mkia wa uzi ndani, akaukata, akakiweka kiatu kando ya mwenzake. Akavaa ndala zake. Wageni walipoaga, alikuwa ameshatangulia getini. Alifungua geti lote, akasimama wima, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso, kama walinzi wa benki.

"Karibuni tena, wakubwa."

Yule mama alifurahi. Alimtilia noti mkononi. "Ya soda, babu." Nta aliipokea kwa mikono miwili.

Gari lilipoondoka mpwa wangu alimkimbilia. "Fundi, fundi wangu, nisikilize..."

"Geti lako linalia, bosi," Nta alimwambia kwa upole. "Litiwe mafuta kwenye bawaba."

Miaka ishirini na saba alikuwa akimwita mwanangu.

Kesho yake kigoda hakikuwepo mlangoni. Kilikuwa nje, pembeni ya geti, na Nta amekikalia akiwa na daftari la mazoezi na penseli. Ile noti ya soda alikuwa amenunulia vitu hivyo. Alifika muuza soli, mtu wa maneno mengi, akataka kupita kama kawaida yake.

"Simama. Uandikwe kwanza."

"Babu, si mimi huyu? Leo umeninunia?"

"Kila mgeni anaandikwa. Vua kiatu, weka mguu hapa."

Muuza soli alidhani ni mchezo, akaukanyaga ukurasa. Nta akauzungushia penseli mguu wake, taratibu, akitoa ncha ya ulimi, akageuza ukurasa mwingine. "Pita." Hivyo ndivyo alivyomwandika muuza ngozi, mteja aliyekuja kubadilishiwa kisigino, mtu wa umeme aliyekuja kusoma mita. Mtu wa umeme alikuwa na soksi yenye tundu, akaona haya, Nta akamwambia, "Usijali, hapa tunaandika mguu, hatuandiki tundu." Mafundi ndani walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hawakucheka.

Mimi hakunichora. Aliniambia, "Wewe pita." Nikadhani ni heshima ya urafiki.

"Nta, acha utoto wa uzeeni," nilimwambia siku ya tatu. "Ingia ndani ukafanye kazi."

"Kazi naifanya. Mlinzi akiingia ndani, nje nani atalinda?"

"Wewe si mlinzi, bwana!"

"Karani, nilipewa cheo mbele ya wageni. Wewe ulikuwepo. Umenisifu hata."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, tungegombana kama tulivyozoea, tukamaliza. Alikuwa kama mtu aliyehamishwa idara. Mpwa wangu alimpelekea chai mwenyewe, akampigia magoti pale getini, magari yanapita. Nta alimwinua. "Inuka, bosi, utachafua gauni. Nani amekukosea?" Mtoto wa watu alirudi ofisini akafunga mlango. Ndani, mkata ngozi, ambaye ndiye mkubwa wa mafundi, alianza kuzikagua soli yeye, na kabla ya wiki mbili jozi nne zilikuwa zimerudishwa zimefumuka. Hazikuwa zimewahi kurudi jozi nne kwa mwaka.

Katikati ya mambo hayo ukaja ujumbe. Amechaguliwa. Aripoti Ijumaa saa mbili asubuhi, akiwa amesaini tamko kwamba yote aliyoyaandika ni ya kweli. Alinisomea, akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Nisaini?"

"Nafasi ishirini na tano, mama. Watu mia nne waliomba."

"Sijakuuliza wangapi waliomba, Mjomba."

Ijumaa nilimsindikiza. Njiani alisema maneno machache tu: kwamba atawaambia wafute yale maelezo, na wakimfuta na yeye, basi, atarudi kwenye ngozi yake. Nilimwambia ni vizuri. Nilisema hivyo huku nikiogopa watauliza nani aliyaandika.

Jengo lilikuwa na ubaridi wa mashine na sakafu inayong'aa mpaka unaona soli zako. Mezani alikuwapo binti mmoja mwenye vibeji vya majina na chupa za maji.

"Dada, nataka kurekebisha fomu yangu," mpwa wangu alimwambia.

"Kipengele gani, mama?"

"Hapa. Nilisema nimejifunza mwenyewe. Si kweli. Nilifundishwa."

"Chuo gani?"

"Kibarazani."

Binti alimtazama, akatazama kompyuta. "Mfumo umeshafungwa, mama. Lakini usiwe na wasiwasi, hicho hakina alama."

"Hakuna mahali pa kumwandika aliyenifundisha?"

Binti alitafuta. Alitafuta kwa moyo safi, nilimwona. "Kilichobaki wazi ni hiki tu. Mtu wa kujulishwa likitokea la dharura."

Mpwa wangu akaomba kalamu, aandike kwa mkono kwenye orodha iliyokuwa mezani. Akaandika jina kamili la Nta, ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Palipoandikwa uhusiano, wenzake waliomtangulia walikuwa wameandika mume, mke, kaka. Yeye aliandika: fundi wangu. Lile tamko la ukweli hakulisaini. Alilikunja akalishika mkononi, akaingia nalo darasani.

Nilikaa kwenye kiti cha nje. Mlango ulikuwa wazi. Mkufunzi, bwana mwenye suti na kipaza sauti kidogo shavuni, aliwaambia kila mmoja ajieleze kwa dakika moja, yeye ni nani na biashara yake ina nini ambacho wengine hawana. Walisimama mmoja mmoja, wenye mashamba ya kuku, wenye maji ya chupa, wenye magari ya mizigo, wote wakizungumza kama redio. Zamu ikafika.

"Mimi ni fundi viatu," mpwa wangu alisema. "Darasa la saba. Fomu yangu ina uongo. Sikujifunza mwenyewe. Yule babu ambaye waliokuja kunikagua waliambiwa ni mlinzi ndiye aliyenifundisha kila kitu, na mimi ndiye niliyesema ni mlinzi, naye akisikia. Zamani tulikuwa tukiulizwa, mkono wa nani? Mimi ni mkono wa Nta. Kama mnanitoa, nitoeni."

Niliinuka kitini, nikajiandaa kumpokea mlangoni.

Makofi yakalipuka.

"Mmesikia hiyo?" mkufunzi alikuwa akisema. "Mmesikia? Mkono wa nani! Hii ndiyo tunayoiita simulizi ya chapa. Mama, hiyo iweke kwenye kila boksi la kiatu." Nikasikia kalamu ikilia kwenye ubao mweupe, akayaandika maneno yale kwa herufi kubwa na kuyazungushia duara. "Ukweli unauza, ndugu zangu. Andikeni hiyo."

Nao wakaandika.

Alitoka wakati wa mapumziko. Lile tamko, ambalo hakuna aliyelidai, lilikuwa limelowa jasho mkononi.

"Wamepiga makofi, Mjomba."

"Nimesikia."

"Wangenifukuza, ningelala usingizi." Alikaa kwenye kiti changu. "Hakuna hata mmoja aliyesema, ulimfanyia vibaya mzee wa watu. Hata mmoja. Mwenye kuku ameniomba namba anisaidie kutengeneza nembo."

Zamani uongo wa namna ile ulikuwa na mahali pake pa kuadhibiwa. Fundi aliyemkana fundi wake alinyang'anywa kisu mbele ya wenzake, akakaa nje ya kibaraza mpaka fundi huyo amwite. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa na mlango wa kutokea. Hii ya sasa unapewa chupa ya maji na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Jioni tulirudi karakana kabla ya kufungwa. Nta alikuwa kigodani pake, daftari magotini. Alipotuona aliinuka kufungua geti.

"Karibu, bosi."

Mpwa wangu hakuingia. Alisimama nje ya mstari wa geti, akavua kiatu cha kulia. "Mimi ni mgeni. Niandike."

"Mwenyewe haandikwi."

"Niandike, fundi."

Nta aliutazama mguu wake. Kisha akaweka daftari chini, akapiga goti moja, nalo lilimchukua muda kufika. Mpwa wangu akaukanyaga ukurasa. Penseli ikaanza kisigino, ikapanda ubavuni.

"Umetoka wapi?" Nta aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kusoma."

"Mkono wa nani?"

Machozi yalikuwa yakimdondokea mpwa wangu mpaka kwenye daftari. "Wako. Nimewaambia leo, mbele ya watu wote."

"Wakasemaje?"

"Wakapiga makofi."

Penseli ilisimama kwenye kidole kidogo. Nta akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali. Akamalizia vidole. "Mguu umevimba," alisema. "Viatu gani hivyo ulivyovaa? Vya kiwandani?"

"Nilitaka nionekane..." Hakumaliza.

"Kesho ulete mguu wako wa mbao ninaoushonea viatu vyako, uliopo rafuni, niuongezee ngozi kidogo pembeni. Umenenepa tangu niuchonge, mwanangu." Alijishika goti, akanyanyuka. "Nani atakaa hapa?"

"Mimi," mpwa wangu alisema, akakikalia kigoda, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, kitambulisho cha chuo kikiwa bado shingoni. Nta akaingia ndani, na nikasikia mkata ngozi akimpokea, "Fundi, njoo uone hizi soli, zimetushinda."

Ndipo nami nikavua kiatu. Ni kiatu alichonishonea mwenyewe, nimekibadilisha soli mara tano. "Nta!" nikamwita. "Na mimi je? Niandike na mimi."

Aligeuka. Alirudi mpaka getini, akaokota daftari, akafungua ukurasa mweupe. Akanipa na penseli.

"Wewe unajua kuandika, Karani," alisema. "Jiandike mwenyewe."

Akarudi kazini.

Mpwa wangu amemaliza miezi yake sita, na wale wa hospitali wamemwita tena. Nta yupo mlangoni, penye mwanga, na gazeti namsomea, ila hatubishani tena, ananisikiliza mpaka mwisho na kusema asante. Lile daftari limetundikwa kwenye msumari ndani ya geti. Ukilifungua utaona mguu wa muuza soli, wa mtu wa umeme, wa wateja, na wa mpwa wangu wenye madoa ya maji. Baada ya hapo kuna ukurasa ambao juu yake nimeandika jina langu, kwa mwandiko mzuri. Chini yake bado sijaandika kitu.